Gari lenye nguvu nyingi: uchague la magurudumu yote au la nyuma?

Mfanyabiashara anayeagiza gari lenye injini kubwa kutoka Japani hukutana na swali hili kabla hajalipa: achukue linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, au linaloendeshwa na yote manne? Tofauti ya bei mnadani huweza kuwa ndogo, lakini uamuzi huo humfuata mwenye gari kwenye matairi, mafuta, gereji na barabarani msimu wa mvua. Wapo wanaoamini kuwa gari la magurudumu manne ni salama zaidi kila mahali, na wapo wanaoliona ni mzigo wa gharama. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Makala hii inaeleza ni wapi.

Soma namba ya chesisi kwanza

Kwenye nyaraka za mauzo, gari la magurudumu yote huandikwa 4WD au AWD. La nyuma huandikwa FR au 2WD. Tahadhari ni kwamba 2WD huweza pia kumaanisha gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hivyo usiishie hapo.

Namba ya chesisi huondoa ubishi. Kwa Toyota Mark X ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, GRX120 ni ya cc 2500 na GRX121 ni ya cc 3000, zote za magurudumu ya nyuma. GRX125 ni ya cc 2500 ya magurudumu yote. Kizazi cha pili kilianza mwaka 2009 na utengenezaji ukakoma mwaka 2019: GRX130 (cc 2500) na GRX133 (cc 3500) ni za nyuma, na GRX135 (cc 2500) ni ya magurudumu yote. Maana yake ni kwamba mteja anayetaka Mark X ya cc 3500, ile ya farasi 318, hana la kuchagua. Hiyo ni ya nyuma tu.

Kwa upande mwingine, Subaru Forester ya turbo ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2012, yenye chesisi inayoanza na SJG, ina farasi 280 na zote ni za magurudumu manne.

Nguvu unayoilipia na nguvu inayofika barabarani

Injini hutoa nguvu, lakini anayeipeleka barabarani ni tairi. Tairi haliwezi kusukuma kuliko uzito unaolikandamiza na ubora wa barabara vinavyoruhusu. Likizidishiwa, linazunguka bure.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,600 ambalo karibu nusu ya uzito wake uko nyuma, likienda kilometa 50 kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida ya msuguano, kwenye lami kavu magurudumu ya nyuma yanaweza kupokea takriban farasi 130. Mvua ikinyesha na matairi yakiwa yameisha, msuguano ukashuka kwa nusu, kiasi hicho huanguka hadi farasi 60 hivi. Gari la magurudumu yote katika hali hiyo ya utelezi linaweza kupeleka karibu farasi 120, kwa sababu uzito wote wa gari unafanya kazi.

Kwa maneno mengine, mwenye gari la nyuma la farasi 300 anayepanda mlima wenye tope amelipia farasi 300 na anatumia 60. Zilizobaki zinageuka hatari, kwani akikanyaga mafuta kwa pupa mkia wa gari unahama.

Hata hivyo, hesabu hiyo hubadilika mwendo unapoongezeka. Kwenye lami kavu, gari hilohilo likifika kilometa 80 kwa saa, magurudumu ya nyuma yanaweza kupokea zaidi ya farasi 200. Mark X ya cc 2500 ya kizazi cha pili ina farasi 203. Kwa mteja anayeishi kwenye lami, magurudumu ya nyuma yanaitosha injini hiyo bila shida.

Watengenezaji wenyewe wamefuata mantiki hiyo. BMW M5 ilikuwa ya magurudumu ya nyuma kwa vizazi vitano. Toleo la mwaka 2017 lilipofika farasi 600 liliwekewa magurudumu yote, huku dereva akiachiwa uwezo wa kurudi kwenye ya nyuma peke yake. Mercedes-AMG E 63 iliyozinduliwa mwaka 2016 nayo haikuuzwa tena kwa magurudumu ya nyuma. Kwa nguvu za kiwango hicho, matairi mawili hayatoshi hata kwenye barabara nzuri.

Breki na kona havibadiliki

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Magari yote, ya nyuma na ya manne, hufunga breki kwa magurudumu manne. Ukiwa kilometa 80 kwa saa kwenye lami kavu, gari huhitaji karibu meta 32 kusimama baada ya breki kushika. Kwenye utelezi wa mfano wetu, huhitaji meta 63. Namba hizo ni zilezile kwa Forester na kwa Mark X ikiwa matairi yanalingana kwa ubora.

Kwenye kona ni hivyohivyo. Kinacholizuia gari lisitoke barabarani ni tairi, si idadi ya magurudumu yanayosukuma. Gari la magurudumu yote huondoka vizuri kwenye maji, na dereva hudhani barabara ni nzuri kuliko ilivyo. Anagundua ukweli anapotaka kusimama.

Aidha, magurudumu yote hayanyanyui gari. Mark X ya 4WD iko chini kama mwenzake. Kwenye barabara ya mashimo zote mbili zitagonga.

Ushuru na gharama za kumiliki

Katika nchi zetu, ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria huangalia zaidi ujazo wa injini na umri wa gari. Tanzania, kwa mfano, imekuwa ikipandisha kiwango injini inapozidi cc 1000, na tena inapozidi cc 2000. Matokeo yake yanashangaza: Forester ya turbo yenye farasi 280 ina injini ya cc 1998, hivyo huingia kwenye kundi la chini kuliko Mark X ya cc 2500 yenye farasi 203. Lakini kiwango ni jambo moja na thamani inayokadiriwa na forodha ni jambo jingine, hivyo piga hesabu ya gari kamili kabla ya kulipa. Umri nao ni mpaka: Kenya hairuhusu magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa yenye miaka 15 na zaidi mwaka 2018.

Baada ya kulitoa gari bandarini, la magurudumu yote lina madai yake:

- Matairi manne lazima yalingane kwa ukubwa, aina na uchakavu. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi mamilimita 6 hivi. Tairi moja likipasuka wakati mengine yameisha, huenda ukalazimika kununua manne. Ukiweka moja jipya, mfumo wa kati wa kugawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika mpaka uharibike.
- Kuna difu, shafti na mafuta ya ziada ya kubadilisha, pamoja na uzito wa ziada unaoongeza ulaji wa petroli.
- Magari mengi ya 4WD hutoka mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi. Dai picha za chini ya gari uone kutu. Kagua pia kama limekuja na matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, huisha upesi na haufai kwa lami ya joto.

Kwa wasafirishaji na madereva wa IT

Gari la kwenda Zambia au Kongo likitolewa Dar es Salaam huendeshwa zaidi ya kilometa 900 hadi Tunduma, likipita Mikumi, mlima Kitonga, Makambako na Mbeya. Nyanda za juu kusini hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Dereva wa IT hubadilisha gari kila safari. Wiki hii ana Forester, wiki ijayo Mark X, na matairi yote mawili hayajui. Mguu uliozoea magurudumu manne ukikanyaga vilevile kwenye gari la nyuma lenye farasi 300 katika kona yenye maji, gari linageuka.

Kwa hiyo mwenye kampuni amwandikie dereva kwenye hati ya safari aina ya gari na hali ya matairi, na upepo upimwe kabla ya kuondoka. Usizime kidhibiti cha kuteleza, hasa kwenye gari la nyuma.

Gari likiharibika njiani, la magurudumu yote lisiburutwe huku magurudumu mawili yakiwa yameinuliwa na mawili yakizunguka chini. Mfumo wa kati huungua ndani ya kilometa chache, na mteja atapokea hasara iliyotokea mikononi mwako. Lipakie lote juu ya gari la kubebea. La nyuma lenye gia otomatiki linaweza kuinuliwa upande wa nyuma na kuvutwa, au propela shafti ifunguliwe kwanza.

Namna ya kuamua

Muulize mteja anaishi wapi kabla ya kumuuliza anataka farasi wangapi. Akiishi mjini na safari zake ni za lami, na injini haizidi farasi 250 hivi, gari la nyuma litamgharimu kidogo na litamtosha. Akipanda milima ya udongo kila wiki, au anataka farasi zaidi ya 300 za kutumia mwaka mzima, magurudumu yote yanalipa, ila awe na fundi anayeyajua na fedha za matairi manne kwa pamoja.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, gari la nyuma lenye matairi mapya ni salama kuliko la magurudumu yote lenye vipara.