Safari ya Maili 1,900

Ukitembea leo katika nchi nyingi za dunia utawaona watu wazima, wenye uwezo wa kusafiri kwa motokaa, wakiiacha lami kwa hiari yao na kuziingiza baiskeli zao katika barabara za changarawe, zile tuziitazo hapa kwetu barabara za murram. Huufuata mto bondeni, wakapanda vilima vilivyo chini ya mlima, wakateremkia upande wa pili hali wametapakaa vumbi hata kwenye nyusi. Nao husema wameburudika. Mwaka 2021 mashindano ya namna hiyo yalifanywa hata katika Maasai Mara. Yamkini mzee wa kijijini kwenu, aliyepeleka maziwa sokoni kwa baiskeli siku zote za ujana wake, atashangaa akisikia kwamba taabu yake imegeuka mchezo.

Mimi, msomaji, nataka kukusimulia habari za watu ishirini waliopita katika njia za namna hiyo zamani sana, wala hawakupita kwa mchezo. Walikuwa askari Weusi wa Marekani, na mwaka wenyewe ni 1897.

Kwanza yakupasa kujua walikuwa nani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, na utumwa ukakomeshwa, serikali iliunda vikosi vya watu Weusi katika jeshi lake. Baadaye vikosi hivyo vilibaki vinne, viwili vya askari wa miguu na viwili vya wapanda farasi. Maofisa wake walikuwa karibu wote Wazungu. Kimoja kilikuwa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu, nacho tangu mwaka 1888 kilikuwa na kambi Fort Missoula, katika jimbo la Montana, bondeni kati ya milima.

Katika kikosi hicho alikuwapo luteni mmoja kijana, James Moss, ambaye aliipenda baiskeli kuliko desturi. Alitoa hoja iliyo nyepesi kuielewa. Farasi hula, hunywa, huugua, na mlio wake humfichulia adui mahali ulipo. Baiskeli haili wala hainywi, haipigi kelele, na katika njia nzuri huenda kwa kasi zaidi. Basi kwa nini askari wasipewe baiskeli? Mwaka 1896 Jenerali Nelson Miles alimpa ruhusa ya kujaribu, na kampuni ya Spalding ikaazima baiskeli zake. Mwaka huo watu wanane walikwenda naye hata nchi ya Yellowstone, wakarudi salama. Ndipo Moss alipotaka jaribio kubwa: kutoka Missoula mpaka mji wa St. Louis, mwendo wa maili 1,900. Mwendo huo ni zaidi ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu, kurudi Mombasa, na kwenda Kisumu mara ya pili.

Waliondoka tarehe 14 Juni, askari ishirini pamoja na luteni wao, daktari, na mwandishi wa gazeti, kijana wa miaka 19. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Sajini Mingo Sanders, mtu wa miaka 39, ambaye jicho lake moja lilikuwa limepungukiwa na nuru. Lishike jina hilo, maana tutalirudia. Baiskeli moja ilikuwa na uzito wa ratili 32, na ilipokwisha kufungwa hema, blanketi na chakula cha siku mbili, ilifika ratili 59 hivi. Haikuwa na gia za kubadilisha. Juu ya hayo kila askari alichukua bunduki yake na risasi 50. Chakula kingine kilitangulizwa kwa gari moshi na kuwekwa katika vituo vya njiani, kila baada ya maili mia moja hivi.

Sasa ningekuomba ufungue atlasi yako, kwa kuwa habari hii haieleweki vema bila ramani. Mtu asafiriye kwa nguvu za miguu yake hachagui njia kwa kupenda. Mito imekwisha kumchagulia. Maji hutafuta mteremko ulio mwepesi, na kando yake ndiko palipopitishwa magari ya ng'ombe, kisha reli, na sasa baiskeli. Askari hao walipanda bonde la mto Clark Fork, kisha la mto mdogo wa Little Blackfoot, mpaka kwenye njia ya mlimani iitwayo Mullan. Hapo ndipo maji yanapogawanyika. Mvua inyeshayo upande wa magharibi huishia katika Bahari ya Pasifiki. Ile ya mashariki huingia katika mto Missouri, na baada ya mzunguko mrefu kupita katika nchi za kaskazini hukutana na Mississippi karibu na St. Louis kwenyewe. Basi tangu siku ile maji yaliyopita chini ya magurudumu yao yalikuwa yakielekea huko huko walikokwenda wao, ila hawakuweza kuyafuata katika mzunguko wake wote. Iliwapasa kukata nchi.

Kimo cha Mullan ni futi 5,900 hivi, pungufu ya Limuru. Lakini Limuru i karibu na ikweta, na Montana iko mbali nayo kaskazini. Askari walikuta theluji huko juu katika mwezi wa Juni. Na kabla ya theluji walikuwa wamekwisha kuonja matope. Udongo wa nchi ile ukilowa hunata kama udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kano. Hujaza nafasi yote kati ya tairi na fremu hata gurudumu likakataa kuzunguka. Aliyewahi kuibeba baiskeli begani wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Mara nyingi waliiacha njia wakazisukuma baiskeli juu ya reli, zikirukaruka juu ya mataruma.

Waliposhuka walilifuata bonde la mto Yellowstone, kisha wakageuka kusini kupita chini ya milima ya Bighorn. Huko walisimama mahali ambapo mwaka 1876 Walakota na Wacheyenne walimshinda Custer na askari wake. Sharti niseme neno hapa, ingawa halitapendeza kila mtu. Vikosi vya Weusi navyo vilikuwa vimetumwa mara nyingi kuwadhibiti wenyeji wa nchi hizo, na ardhi ikaendelea kuchukuliwa. Mtu aonewaye huweza kutumwa kumwonea mwingine, na mwanafunzi wa historia asiifiche sehemu hiyo kwa ajili ya kuwapenda mashujaa wake.

Mashaka makubwa yaliwangoja Nebraska. Huko ni nchi ya vilima vya mchanga, na kwa muda wa maili 170 hivi magurudumu yalizama. Joto lilikuwa kali mno, maji yalikuwa ya magadi, na watu wengi wakaugua matumbo. Wakarudi tena juu ya reli. Askari mmoja alirudishwa kambini kwa ugonjwa. Waliobaki walifika St. Louis tarehe 24 Julai, na waendesha baiskeli wa mji wakatoka kwa mamia kuwalaki. Siku walizosafiri hasa zilikuwa 34, yaani wastani wa maili 56 hivi kila siku. Mwaka 1974 watu wa chuo kikuu cha Montana waliifuata tena njia hiyo. Na katika miaka ya 1990 chama cha waendesha baiskeli kilichoanzia mji uo huo wa Missoula kilichora ramani ya njia ndefu, sehemu kubwa ikiwa ya changarawe, iufuatao mgongo wa milima hiyo mpaka kwenye mpaka wa Meksiko.

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza kila mwaka, je, walipewa nini? Moss alipeleka taarifa yake, akaomba kufanya safari nyingine mpaka San Francisco, asikubaliwe. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania, na Kikosi cha 25 kikapelekwa Kuba, ambako kilipigana El Caney. Habari za baiskeli zikaishia hapo. Sanders alikumbuka kwamba huko Kuba ofisa mmoja alimwomba awagawie askari wake wenye njaa biskuti ngumu za jeshi, naye akawapa. Ofisa huyo alikuwa Theodore Roosevelt.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906 risasi zilipigwa katika mji wa Brownsville, Texas, mtu mmoja akauawa. Wenyeji Wazungu waliwashitaki askari wa Kikosi cha 25 waliokuwa kambini hapo. Maofisa wao walishuhudia kwamba watu walikuwamo kambini. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Hata hivyo Roosevelt, ambaye sasa alikuwa Rais, aliwafukuza jeshini askari 167 bila heshima na bila malipo ya uzeeni. Sanders alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametumikia kwa zaidi ya miaka 25, na muda mfupi tu ulikuwa umebaki astaafu. Alikwenda mwenyewe Washington kuomba kesi yake iangaliwe upya, asifanikiwe.

Mwaka 1972 jeshi liliifuta hukumu hiyo na kuwarudishia wote heshima yao. Mzee mmoja aliyekuwa hai, Dorsey Willis, alilipwa dola 25,000. Mingo Sanders alikuwa amefariki mwaka 1929.