Mto Uliopoteza Samaki Wake

Leo tutasikia habari za mto uliokufa ukafufuka: Mto Thames, unaopita katikati ya jiji la London, Uingereza.

Zamani wavuvi wa London walipata riziki kwa salmoni, samaki atokaye baharini kwenda kutaga mayai juu mtoni. Jiji lilipokua, vyoo vya majumbani viliunganishwa na mitaro iliyomwaga kinyesi mtoni. Viwanda vya gesi navyo vikamwaga taka zao humo humo. Kufikia miaka ya 1830, salmoni walikuwa wametoweka.

Je, uchafu humdhuru samaki vipi? Samaki hupumua kwa matamvua, akivuta oksijeni iliyomo majini. Kinyesi kinapooza, vijidudu vinavyokiozesha huimaliza oksijeni hiyo. Samaki huja juu akitweta, hudhoofika, hushikwa na magonjwa, mwishowe hufa. Mayai na vifaranga ndio hutangulia.

Watu nao waliendelea kunywa maji ya mto huo. Kipindupindu kiliingia London mwaka 1832, kikarudi 1848, kikarudi tena 1853. Mwaka 1854 Daktari John Snow alilinganisha nyumba kwa nyumba. Waliouziwa maji yaliyotekwa sehemu chafu walikufa kwa wingi kuliko waliouziwa maji yaliyotekwa juu ya mto, kabla ya uchafu wa jiji kuingia. Samaki walikuwa wameonya miaka 20 mapema.

Mwaka 1858 uvundo wa mto uliwafikia wabunge ndani ya Bunge. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa kazi ya kujenga mitaro mikubwa ya majitaka. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa kipindupindu London ulikuwa mwaka 1866, katika mitaa ya mashariki ambako kazi hiyo haikuwa imekamilika. Lakini uchafu ulihamishiwa tu chini ya mto. Mwaka 1957 wataalamu walitafuta samaki jijini wasipate. Baada ya mitambo ya kusafisha majitaka kuboreshwa, samaki walirudi, na mwaka 1974 akapatikana salmoni.

Mama, somo hili ni letu pia. Usidanganywe na kambare. Yeye anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo huishi hata kwenye maji machafu. Kumwona hai si dalili kwamba maji ni salama.

Kumbuka haya:

Usiokote wala kununua samaki waliokutwa wakielea wamekufa.

Chemsha maji ya kunywa, hasa ya mtoto. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu, lakini hakuondoi sumu za viwandani kama risasi na zebaki. Hata samaki aliyepikwa vizuri hubaki nazo.

Samaki wakifa au wakitoweka katika mto wenu, mwarifu afisa wa afya mapema. Usingoje mtoto aanze kuhara.