Haller Park: jongoo alivyofufua machimbo ya Bamburi

Mara ya kwanza kuingia Haller Park nilikuwa mtoto wa shule. Tulishuka basini mbio kwenda kuwaona twiga, kila mmoja akitaka kumlisha kwa mkono wake. Sikujua kwamba tulikuwa tumesimama ndani ya shimo. Juzi nimerudi na wanangu, nikaona nieleze pahali hapa palivyoanza, maana wengi wetu twapita barabara ya Malindi kila siku na habari zake hatuna.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa papo hapo. Baada ya miaka kadhaa palibaki uwanda mweupe wa mawe: hapana udongo, jua kali, na maji ya chini yana chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kazi ya kupapanda upya. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, ukiwemo mvinje na mnazi wetu.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizini mwake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hivyo humea hata pasipo rutuba. Lakini majani yake membamba yalidondoka yakarundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu tunaowafagia barazani msimu wa mvua. Waliyala majani, na kinyesi chao kikawa mbolea. Udongo ukaanza kujengeka, miti mingine ikapata pa kushika. Wazee husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi hawakumtupa jongoo, na miti wakaipata.

Bustani ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984. Leo familia hupita kwenye vijia vya kivulini, wakaona mabwawa ya samaki, mamba, nyoka, viboko, nyani na kobe wakubwa. Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwishoni mwa Disemba 2004, wakati wa tsunami. Alimwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee kama mama yake, na habari yao ikazunguka dunia nzima.

Wanangu walimpenda twiga, kama mimi zamani. Mimi nilisimama zaidi chini ya mivinje, nikafukua majani kwa kidole nikaona udongo mweusi. Nikakumbuka machimbo ya mawe ya kujengea yaliyotapakaa Pwani yetu. Mawe yakiisha, mchimbaji huondoka, na kijiji huachiwa shimo: mvua ikinyesha lajaa maji, kiangazi lageuka jaa la taka. Tumezoea kusema ardhi hiyo imekufa.

Bamburi yatwambia haikufa. Kwa rai yangu, anayeomba kibali cha kuchimba aulizwe kwanza atapanda nini akimaliza, na aanze kupanda akiwa bado anachimba. Nanyi wazazi mkiwapeleka watoto pale, msiishie kwa twiga. Waonyesheni na jongoo.