Kabureta ya Membley Haijui Mombasa

Kila nikirudi Mombasa, vijana wa mtaani huniuliza swali moja: gari la spoti lenye nozeli na komputa laweza kubadilishwa litumie kabureta? Jibu ni ndiyo. Langu nililibadilisha hapa Membley, Ruiru, ninakoishi. Lakini kazi ile nusura iniulie injini nilipoteremka Pwani kwa Idd, na ndiyo sababu naandika haya.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla Levin, injini ya 4A-GE ya cc 1587, vali 16. Komputa yake ilikufa, na ya mtumba niliyonunua haikudumu. Fundi akanishauri niweke kabureta mbili za Weber, 40 DCOE, ambazo bisibisi na subira vinatosha kuzirekebisha.

Tofauti iko wapi

Kwenye nozeli, vihisio hupima hewa inayoingia na joto lake, kisha komputa huamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Kabureta haina akili hiyo. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba hunyonya petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Ukubwa wa tundu ndio unaoamua kipimo. Jeti namba 120 ina tundu la milimita 1.20.

Mambo matatu ya lazima

Kwanza ni manifoldi. Ile ya nozeli haipokei kabureta. Itafutwe iliyotengenezwa kwa injini yako, na isivujishe hewa hata kidogo.

Pili ni pampu. Pampu ya nozeli husukuma petroli kwa takriban baa 2.5 hadi 3, ilhali Weber yataka kama baa 0.2 tu. Ukiiacha ile ya zamani bila kipunguza nguvu, boya la kabureta litashindwa kuizuia, petroli ifurike juu ya injini yenye moto. Magari huteketea hivyo.

Tatu ni cheche za plagi. Komputa ile ile ndiyo inayopanga cheche zitoke wakati gani. Ukiing'oa, yahitajika distribyuta inayowahisha cheche yenyewe kadiri injini inavyoongeza kasi, au kisanduku cha elektroniki cha kazi hiyo peke yake. Wengi husahau hapa, kisha wakailaumu kabureta.

Mwisho, kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, na hilo hupimwa kwa kifaa, si kwa sikio.

Kilichonikuta njiani

Hayo yote tuliyafanya. Kwa jeti za 120 gari lilikimbia vizuri kwenye barabara ya Thika, na plagi zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Tulichosahau ni kwamba Membley iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ukiteremka, hewa inakuwa nzito lakini jeti ni ile ile, na mafuta hayaongezeki kwa kadiri ya hewa. Kwa hesabu, kufika usawa wa bahari mchanganyiko hupungukiwa petroli kwa karibu asilimia 7. Injini inayonyimwa petroli hupata joto kupita kiasi, hugonga, na mwishowe pistoni hutoboka.

Nilipopita Voi, mke na watoto wakiwa garini, kila nikikanyaga mafuta injini iligonga kama kokoto ndani ya mkebe. Nilisimama Maungu, nikaiacha ipoe, nikafungua plagi: nyeupe kama chokaa. Tukaenda pole pole hadi Mombasa. Kule niliweka jeti za 125, ambazo tundu lake ni pana zaidi kwa asilimia 8 na nusu hivi, na kugonga kukakoma.

Kurudi bara na jeti za Pwani hakuna hatari hiyo. Gari hula petroli zaidi na kutoa moshi mweusi, basi. Kwa hiyo jeti kubwa huwekwa kabla ya kuteremka, si baada ya kufika.

Ushauri wangu

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504 ya injekshoni; mwaka 1976 Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR yenye kabureta mbili. Barabara zetu hazikuchagua mfumo.

Kama nozeli zako ni nzima, ziache. Mara nyingi kinachosumbua ni kihisio kimoja, waya au pampu, na hilo latengenezeka kwa gharama ndogo kuliko mageuzi yote haya. Ukiamua kubadilisha, ijulishe kampuni ya bima kwanza. Na ukinunua gari la kabureta kutoka bara, muulize muuzaji namba ya jeti kabla hujalileta Pwani.

Mimi sasa natembea na kikopo kidogo kwenye buti: 120 za Membley, 125 za nyumbani.