Kisu cha Opinel Na. 8: cha kawaida na cha kifahari

Opinel Na. 8 ni kisu cha kukunja kinachotengenezwa Chambéry, katika eneo la Savoie, Ufaransa. Bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5. Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi wa zana za shamba, alikibuni mwaka 1890 kwa ajili ya wakulima wa milimani, na mwaka 1897 kikapewa saizi zenye namba, 1 hadi 12. Leo Na. 8 huuzwa kwa ngazi mbili: toleo la kawaida na toleo la kifahari, ambalo bei yake huweza kuwa mara mbili ya lile la kwanza, hata zaidi.

Kimuundo matoleo hayo ni kisu kimoja. Yana sehemu tano tu: bapa, mpini, msumari wa kiungo, pete isiyosogea na pete inayozunguka. Pete hii ya mwisho, iitwayo Virobloc, ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955 ili bapa lililofunguliwa lisimkunjikie mtumiaji vidoleni. Tangu mwaka 2000 hulifunga pia likiwa limekunjwa.

Tofauti kubwa iko kwenye mpini. Toleo la kawaida lina mpini wa mbao ngumu ya rangi hafifu; la kifahari huwa na mzeituni, mjozi, mwaloni au pembe, na mara nyingi bapa lililong'arishwa. Uzuri huo ni wa kweli, hasa mistari ya mzeituni, ambayo haifanani katika visu viwili. Lakini hauongezi ukali. Matoleo ya kifahari kwa kawaida hutumia feleji isiyoshika kutu ya aina ileile inayopatikana kwenye kisu cha kawaida.

Uamuzi wenye uzito zaidi umo ndani ya toleo la bei nafuu lenyewe, kati ya feleji isiyoshika kutu na feleji ya kaboni, yenye kaboni asilimia 0.9 hivi. Ya kaboni hunoleka upesi kwenye jiwe na kupata makali mazuri mno. Adhabu yake ni kutu: ukikata limau au kitunguu ukakiacha kisu na majimaji, bapa huingia weusi, kisha kutu. Ni lazima lifutwe na kukaushwa kila baada ya kazi. Anayefanya kazi baharini au jikoni achukue isiyoshika kutu.

Mpini wa mti ukilowa huvimba na kulibana bapa. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani, ncha ya bapa ikachomoza kiasi cha kushikwa.

Si kila kampuni hupandisha bei kwa namna hii. Spyderco ya Marekani huuza visu vya bei nafuu kwa jina la Byrd, vya feleji ya Kichina ya 8Cr13MoV, huku Delica yake ikitengenezwa Seki, Japani, kwa feleji ya VG-10 inayodumu na makali muda mrefu zaidi. Hapo nyongeza hununua ukataji.

Kwa Opinel nyongeza hununua mpini. Kwa zawadi, toleo la kifahari linastahili bei yake. Kwa kazi ya kila siku, la kawaida linatosha kabisa, na fedha inayobaki inunue jiwe zuri la kunolea.