Kifuko cha heri: jinsi Wakorea walivyogeuza vipande vya kitambaa kuwa zawadi

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea za enzi za wafalme huenda wamekiona: kifuko kidogo cha hariri kinachoning'inia kiunoni, kimefungwa kwa vigwe vyenye mafundo. Wakorea hukiita jumeoni. Katika utawala wa ukoo wa Joseon, uliodumu tangu mwaka 1392 hadi 1910, kifuko hicho kilivaliwa na wakubwa kwa wadogo, na kilikuwa miongoni mwa zawadi zilizopokewa kwa mikono miwili.

Chanzo chake ni hanbok, vazi la asili la Wakorea, ambalo halikuwa na mifuko. Fedha, tumbaku, dawa na mhuri vilihitaji mahali pa kukaa. Mafundi wakashona vifuko vya aina mbili kuu. Cha kwanza kina kitako cha mviringo na mdomo uliokunjwa marinda. Cha pili kina pembe, na sehemu yake ya juu hukunjwa hadi ncha zitokeze pande zote mbili mithili ya masikio. Vyote hufungwa kwa kuvuta vigwe vilivyopenyezwa mdomoni.

Mwaka Mpya ndio uliokipa kifuko hadhi yake. Hong Seok-mo, aliyeandika kitabu cha desturi za mwaka mzima kiitwacho Dongguk Sesigi mwaka 1849, anaeleza mila ya ikulu katika mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza ya panya na ile ya nguruwe, kwa hesabu ya kalenda ya wanyama 12, mfalme aliwagawia watumishi wake vifuko vya hariri vyenye nafaka zilizokaangwa. Ilikuwa dua ya mavuno mema. Nje ya ikulu nako watu walipeana vifuko vilivyotariziwa maandishi ya heri na umri mrefu.

Mwananchi wa kawaida hakuwa na hariri ya kuchezea. Kitambaa kilifumwa kwa mkono, kwenye vitanda vya mfumi vyembamba, na kila shubiri yake ilikuwa jasho la mtu. Hanbok ina mikono na kola za kupinda, kwa hiyo ukataji wake huacha vipande visivyo na umbo maalumu. Wanawake hawakuvitupa. Walivihifadhi pamoja na vifaa vyao vya kushonea, wakavitafutia kazi.

Vikubwa kidogo viliunganishwa kuwa jogakbo, kitambaa cha viraka cha kufunikia chakula na kufungia zawadi. Vidogo zaidi vilishonwa subana za kukinga kidole kisichomwe na sindano. Vingine vilikuwa goebul, pambo la pembetatu lililojazwa pamba, ambalo watoto walivalishwa ili kuwaepusha na mabaya. Na palipopatikana vipande vya buluu, nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, kilishonwa kifuko cha rangi tano, kila rangi ikisimamia upande mmoja wa dunia na njano ikisimamia katikati.

Ushonaji wenyewe ulidai subira. Katika jogakbo, kingo za kila kipande hukunjwa na kufichwa ndani ya mshono, kisha hushonwa mara ya pili, hata nje na ndani visitofautiane. Wengi waliamini kwamba kadiri mishono inavyozidi ndivyo maisha marefu yanavyoombwa kwa anayepewa. Ndiyo maana bi harusi aliwashonea wazee wa upande wa mume vifuko kwa mkono wake: adabu yake na ustadi wake vilionekana katika kila tundu la sindano.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kugeuka. Wanaume wa Korea waliiga kizibao cha Kizungu, na kizibao hicho kina mifuko. Vitambaa vya viwandani vikafuata, bei ikashuka, na thamani ya kipande kilichobaki nayo ikashuka. Vifuko vikaishia makabatini, na jogakbo nyingi zikachakaa bila mtu kuziona kuwa sanaa.

Aliyeziona ni Huh Dong-hwa, mkusanyaji aliyefariki mwaka 2018. Pamoja na mkewe alikusanya kwa miaka mingi tarizi na vitambaa vya kufungia, kazi ambazo washonaji wake wengi hawajulikani hata kwa majina, na mwaka 1976 akaanzisha makumbusho ya tarizi mjini Seoul. Kabla ya kufa aliutoa mkusanyo huo kwa jiji. Leo unahifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Ufundi ya Seoul, yaliyofunguliwa mwaka 2021.

Historia hii inatuhusu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania bara mwaka 2019. Hata hivyo zawadi zetu za harusi na za Idi bado tunazifunga kwa karatasi za kung'aa zinazochanwa na kutupwa usiku uleule, huku chini ya kila cherehani mtaani kuna rundo la vipande vya kitenge na kanga. Wanawake wa Joseon walithibitisha kwamba kipande cha kiganja kimoja kinatosha kubeba heshima ya mtu. Fundi, usivifagie vipande hivyo. Nawe mteja, ukichukua nguo yako, dai na mabaki yake, kisha mshonee umpendaye kifuko.