Mpemba na Ulizo la Kabila

Mtu wa Pemba akivuka bahari kwenda Tanga au Dar es Salaam, hakawii kuulizwa: "Wewe Mwarabu?" Akikana, huambiwa: "Basi kabila gani?" Akijibu "Mpemba", muulizaji haridhiki, maana kwake kisiwa si kabila.

Ulizo hilo lina umri. Hesabu za watu za mwaka 1924 na 1931 zilitaka kila mtu awe na asili moja, na kalamu ya karani haina subira na mtu ambaye bibi yake ni Mmanga na babu yake ni Mpemba. Mwaka 1924 maelfu waliandikwa Waswahili. Miaka saba baadaye idadi yao ilikuwa imepukutika, kwa kuwa jina hilo lilinuka utumwa machoni pa watu. Wengi wakajiita Washirazi, na mwaka 1939 chama chao kikaundwa Pemba. Wala haikuwa fahari tupu: wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, yakiwamo ya Kilwa na Manda. Wengi wa wazee wa kiume walitoka Uajemi. Wa kike walikuwa hasa Waafrika. Hadithi ya Shirazi haikuwa uzushi, ila iliwasahau akina mama.

Kisiwani kwenyewe huulizwa zaidi: "Kwenu wapi?" Anayejibu Konde au Kengeja huulizwa tena ni mjukuu wa nani, kisha hukaribishwa kahawa.